Homa Hii Haingoji Asubuhi: Mwongozo wa Kumuuguza Mtu Mwenye Kinga Iliyoshuka

Mgonjwa wa saratani aliye katikati ya dozi zake, au mtu aliyepandikizwa figo, ini, moyo au uboho, anaweza kuamka vizuri, alasiri akahisi baridi ya ghafla, na kabla usiku haujakatika akawa mahututi. Maambukizi yakishaingia kwenye damu ya mtu asiye na kinga, huenda kwa saa, hayaendi kwa siku. Mwongozo huu ni wa mgonjwa mwenyewe na ni wako wewe unayemuuguza nyumbani, kwa sababu mara nyingi wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuona kwamba mtu wako leo si yule wa jana.

Ukipata nafasi ya kusoma sehemu moja tu, soma hatua ya nne.

Kwanza elewa kwa nini dalili ulizozizoea hazitakusaidia sana. Mtu mwenye afya akichomwa na mwiba, mahali pale panavimba, panakuwa pekundu, panapata moto na pengine panatunga usaha. Uvimbe ule na usaha ule ni kazi ya chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo neutrofili. Zikiwa hazipo, hakuna cha kuleta uvimbe wala usaha. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii anaweza kuwa na nimonia na picha ya eksirei ya kifua ikatoka safi, au akawa na maambukizi ya mkojo na mkojo wenyewe usionyeshe usaha, au akawa na jipu linaloanza karibu na njia ya haja kubwa na ngozi isionyeshe lolote ila maumivu. Mara nyingi ishara pekee inayobaki ni homa.

Hatua ya kwanza: Jua kinga imeshuka kwa namna gani, na kwa muda gani

Kinga haishuki kwa wote kwa njia moja, na hatari ya kila mmoja ina majira yake.

Tiba ya kemikali huua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani zimo humo, lakini zimo pia seli za uboho zinazotengeneza damu, na seli za utando wa kinywa na utumbo. Kwa hiyo mgonjwa hupata hasara mbili kwa mpigo: chembe za kumlinda hupungua, na wakati huohuo utando uliokuwa unazuia bakteria wa tumboni wasiingie kwenye damu huchubuka. Bakteria wengi wanaomwangusha hawakutoka kwa mgeni aliyekuja kumjulia hali. Walikuwa mwilini mwake siku zote.

Mtu mzima mwenye afya huwa na neutrofili kati ya 1,500 na 8,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 500, hatari ni kubwa. Zikishuka chini ya 100, ni kubwa zaidi. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu wagonjwa wa saratani ya damu, na walichokionyesha bado kinaongoza tiba hadi leo: idadi inavyozidi kushuka ndivyo maambukizi yanavyoongezeka, na inavyokaa chini kwa siku nyingi ndivyo hatari inavyozidi. Namba ya leo peke yake haitoshi. Uliza pia, “Inatarajiwa kukaa hapo siku ngapi?”

Kwa dawa nyingi za tiba ya kemikali, idadi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha huanza kupanda. Chukua kalenda, weka alama siku ya dozi, kisha pigia mstari zile siku za hatari. Kalenda hii itakusaidia kupanga mambo mengi: lini asikae kwenye msongamano, lini usisafiri mbali ukamwacha peke yake. Baadhi ya wagonjwa hupewa sindano za filgrastimu ili kuuchochea uboho utoe neutrofili haraka. Sindano hizo hufupisha siku za hatari lakini haziziondoi zote.

Mgonjwa wa saratani ya damu ana mtego wake. Karatasi ya maabara inaweza kuonyesha chembe nyeupe nyingi mno, familia ikafurahi, kumbe nyingi ni chembe changa za ugonjwa ambazo hazijui kazi. Uliza idadi ya neutrofili zilizokomaa, usiridhike na jumla.

Aliyepandikizwa kiungo yuko katika hali tofauti. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio, tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, ilitoka kwa pacha wa kufanana, kwa hiyo mwili wa mpokeaji haukuiona kuwa ngeni. Karibu wengine wote waliofuata wamelazimika kunywa dawa za kushusha kinga, kama takrolimusi, siklosporini, maikofenoleti na prednisoloni, kwa muda wote ambao kiungo kile kinafanya kazi ndani yao. Neutrofili zao zinaweza kuwa za kutosha kabisa. Kilichofungwa ni limfositi, yaani chembe nyeupe zinazopambana na virusi, kuvu na kifua kikuu. Mwezi wa kwanza hatari kubwa hutokana na upasuaji wenyewe: kidonda, mpira wa mkojo, mashine ya kupumulia, bakteria sugu wa hospitali. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita hivi hujitokeza vile vimelea nyemelezi, kama virusi vya sitomegalo na kuvu wa mapafu aitwaye Pneumocystis. Baada ya hapo, kama kiungo kinaendelea vizuri na dozi zimepunguzwa, maambukizi mengi huwa yaleyale ya kila mtu, ila huja kwa ukali zaidi. Saa hii ya hatari huanza upya kila mara mwili unapojaribu kukikataa kiungo na madaktari wakaongeza dawa.

Aliyepandikizwa uboho hupitia yote mawili. Wiki mbili hadi nne za mwanzo hana neutrofili karibu kabisa. Uboho mpya ukishika, neutrofili hurudi, lakini limfositi huchukua miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Na kama seli za mfadhili zimeanza kuushambulia mwili wa mpokeaji, kinga hubaki chini kwa muda wote wa kutibu hali hiyo.

Hatua ya pili: Kabla tiba haijaanza, tafuta kilicholala ndani

Hatua hii husahaulika kwa sababu kila mtu ana haraka ya kuanza kutibu saratani. Lakini kuna maambukizi ambayo mtu hukaa nayo miaka bila kujua, na kinga ikishuka yanaamka.

Homa ya ini aina ya B iko juu ya orodha. Dawa kama rituksimabu, inayotumika kwa baadhi ya saratani za damu, zinaweza kuwaamsha virusi hata kwa mtu aliyedhaniwa amepona zamani, na ini likaharibika vibaya. Kipimo chake ni cha damu tu, na kinachotafutwa ni mambo mawili: virusi vilivyopo sasa, na kingamwili zinazoonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Kama vipo, kuna vidonge vya kuvizuia wakati wote wa tiba na miezi kadhaa baadaye. Kifua kikuu kilicholala nacho hutafutwa, na ikibidi hutibiwa mapema.

Kuna pia mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi. Huingia kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga udongo wenye mabuu yake, na anaweza kuendelea kuzaliana ndani ya mtu huyohuyo kwa miongo mingi. Mtu mwenye mnyoo huyu akipewa prednisoloni kwa dozi kubwa, mabuu husambaa mwilini huku yakibeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu na mapafu, na wengi wanaofikia hali hiyo hufa. Kumzuia ni kwa dozi fupi ya ivamektini. Kama mgonjwa wako amewahi kuishi au kufanya kazi kwenye udongo wa nchi za joto, mwambie daktari hata asipouliza.

Apelekwe pia kwa daktari wa meno. Jino lililooza ambalo halijamsumbua kwa miaka linaweza kumsumbua mno siku ya kumi baada ya dozi, wakati ambapo kuling’oa ni hatari.

Halafu chanjo. Zile zisizo na kimelea hai, kama chanjo ya mafua ya kila mwaka, ya nimonia ya pneumokokasi na ya korona, ni bora zitolewe angalau wiki mbili kabla ya kuanza tiba ili mwili uwahi kuzifanyia kazi. Chanjo zenye kimelea hai, kama surua, tetekuwanga, homa ya manjano na polio ya matone, hutolewa angalau wiki nne kabla, na zikishapitwa na wakati huo haziguswi tena hadi daktari aseme. Anayepangiwa kuondolewa wengu ana orodha yake ya chanjo, na asiondoke bila kuiuliza, kwani bila wengu bakteria wa pneumokokasi wanaweza kumwua mtu ndani ya siku moja au mbili, na hatari hiyo haiishi.

Hatua ya tatu: Andaa mambo yote ungali na utulivu

Nunua themomita ya kidijitali, na hakikisha betri inafanya kazi. Andika kwenye karatasi moja, kwa mwandiko unaosomeka: jina la ugonjwa, dawa anazopewa, tarehe ya dozi ya mwisho, dawa zinazomdhuru, kama ana mpira kwenye mshipa mkubwa, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku. Tengeneza nakala mbili, moja ikae kwenye mkoba wa safari na nyingine ubandike mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaiona.

Kisha jibu swali hili pamoja na familia mkiwa mmekaa: homa ikija saa nane za usiku, nani anaendesha, kwa gari gani, kwenda hospitali ipi? Watu wengi wana majibu ya mchana tu.

Hatua ya nne: Homa ikitokea

Pima joto mara mbili kwa siku katika siku za hatari, na kila anapojisikia tofauti. Pima mdomoni ikiwa hana vidonda, akiwa hajanywa cha moto wala cha baridi kwa muda wa robo saa hivi. Kwapani ni sawa, ila husoma chini kidogo, kwa hiyo waambie wahudumu ulipimia wapi. Usipime kamwe kwenye njia ya haja kubwa, wala asitumie dawa za kuingizwa huko. Ule utando ni mwembamba, na mchubuko mdogo tu ni mlango wa bakteria.

Timu nyingi za saratani humwambia mgonjwa apige simu joto linapofika nyuzi 38.0 za Selsiasi. Miongozo ya kitaalamu hutaja 38.3 kwa kipimo kimoja, au 38.0 linalodumu saa nzima. Nyumbani tumia ile ya chini, isipokuwa daktari wako amekupa namba nyingine. Usimkague kwa kumwekea kiganja kwenye paji la uso.

Joto likifika hapo, fanya hivi kwa mpangilio huu. Piga ile namba. Wakati simu inaita, mtu mwingine achukue mkoba na karatasi. Kama simu haipokelewi ndani ya dakika chache, nendeni. Usimpe parasetamoli kwanza “ili tuone kama itashuka”. Itashuka kweli, na maambukizi yataendelea yakiwa yamefichwa, nawe utalala ukiwa na amani isiyo na msingi. Usimpe antibayotiki zilizobaki kabatini. Hazitoshi kwa vimelea hivi, na zinaharibu kipimo cha damu ambacho ndicho kingeonyesha adui ni nani. Kama daktari wake alikwisha kumwekea dawa maalumu za dharura, fuata maelekezo yake hasa.

Mkifika, msikae kwenye foleni kimya. Nenda dirishani useme maneno kama haya: “Mgonjwa wangu anatibiwa saratani. Dozi ya mwisho ilikuwa siku kumi zilizopita. Ana homa ya 38.4 na kinga yake iko chini. Anahitaji kuonwa sasa.” Kwa aliyepandikizwa, taja kiungo, mwaka, na dawa anazokunywa. Sema kwa adabu, lakini rudia mpaka usikike. Mhudumu wa mapokezi anaona mtu anayetembea na kuzungumza. Hawezi kuona neutrofili. Omba mgonjwa avae barakoa na akae mbali na wanaokohoa.

Jambo linalotarajiwa ni kwamba atachukuliwa damu ya kuoteshwa maabara, kutoka mkononi na kutoka kwenye mpira wa mshipani kama anao, kisha apewe dozi ya kwanza ya antibayotiki kwa mshipa ndani ya dakika 60 tangu alipofika. Dozi hiyo haingoji majibu. Majibu ya kuotesha huchukua siku, na mgonjwa hana siku. Kwa hiyo madaktari huanza na dawa pana, kama sefepimu, meropenemu, au piperasilini yenye tazobaktamu, zenye uwezo wa kumwua hata Pseudomonas, bakteria anayeogopwa kuliko wengi kwa kasi yake. Ukiona saa inapita na hakuna dripu wala sindano, una haki ya kuuliza, “Dozi ya kwanza imeshatoka?” Swali hilo moja limebeba uzito kuliko maswali mengine yote ya usiku ule.

Homa inaweza kuchukua siku kadhaa kushuka hata pale dawa ni sahihi, kwa hiyo msikate tamaa kesho yake. Ikiendelea siku nne hadi saba na neutrofili hazijarudi, madaktari hufikiria kuvu, hufanya kipimo cha skani ya kifua na huongeza dawa ya kuvu. Kinyume chake, mgonjwa ambaye alama zake za hatari ni ndogo anaweza kuruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge. Huo ni uamuzi wa daktari baada ya kupima, haufanywi na familia kwa kuwa mtu anaonekana yuko sawa.

Najua kinachowazuia watu. Wanaona haya kusumbua usiku, wanahesabu nauli, na mgonjwa mwenyewe amechoka na hospitali, anasema, “Tungoje kuche.” Nakusihi usimkubalie. Homa iliyokuja kuonekana si kitu imekugharimu usingizi. Homa iliyongojewa hadi asubuhi imewaondoa watu ambao dawa yao ilikuwepo, mwendo wa nusu saa kutoka walipolala.

Hatua ya tano: Usiitegemee homa peke yake

Anayekunywa prednisoloni, mzee, au anayetumia dawa za maumivu zinazoshusha joto anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Kutetemeka mwili mzima hadi meno yanagongana ni dharura hata themomita ikisoma 37. Kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida, kupumua haraka, kizunguzungu anaposimama, mkojo kupungua, ngozi kuwa baridi yenye madoa, na joto lililoshuka chini ya 36, vyote hivi vinahitaji safari ileile ya hatua ya nne.

Ishara nyingine huja polepole na zinataka simu siku hiyohiyo: kikohozi kikavu chenye kukosa pumzi anapopanda ngazi, kuharisha, maumivu wakati wa haja, vidonda vya kinywa vinavyomzuia kumeza, maumivu ya pua na uso, malengelenge yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili, ambayo huenda yakawa mkanda wa jeshi. Kwa aliyepandikizwa figo, maumivu juu ya mahali ilipo figo mpya au mkojo kupungua ni ya kupigiwa simu mara moja. Kichwa kinachouma siku baada ya siku pia kisipuuzwe, kwa sababu kuna kuvu anayeingia kwenye utando wa ubongo akiwa na kelele kidogo sana.

Hatua ya sita: Mikono, kinywa, ngozi, mpira

Mikono huoshwa kwa sabuni na maji kwa sekunde 20, na kila mtu wa nyumbani anahusika. Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kinafaa mahali pasipo na maji, lakini mtu akiwa anaharisha rudini kwenye sabuni, kwa maana alkoholi haiui mbegu za bakteria Clostridioides difficile na haifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi.

Kinywa kinastahili kutunzwa kuliko watu wanavyodhani. Mswaki laini baada ya kula na kabla ya kulala, kisha kusukutua mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo au magadi ya kupikia. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huchoma na kukausha, ziacheni. Mtazame ndani ya mdomo kwa tochi kila siku. Utando mweupe unaong’ang’ania ulimini ni kuvu, na una dawa.

Ngozi ioshwe kila siku, hasa makwapani, kinenani na chini ya matiti, na ipakwe mafuta isipasuke. Wembe wa kunyolea uwekwe kando, atumie mashine. Baada ya haja kubwa ajisafishe kwa maji taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Asikubali kuvimbiwa choo hadi ajikamue; aombe dawa ya kulainisha mapema.

Mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa usiguswe na mkono ambao haujaoshwa. Kagua pale unapoingilia kila siku bila kufungua bandeji iliyo safi na kavu. Wekundu, maumivu, majimaji, au baridi kali inayomjia dakika chache baada ya mpira kusafishwa kwa maji ya dawa ni ishara kwamba mpira wenyewe una bakteria. Baridi ya namna hiyo itajwe kwa daktari kwa undani: saa ngapi mpira ulisafishwa, saa ngapi ilianza.

Hatua ya saba: Chakula na maji

Kwa miaka mingi wagonjwa hawa walikatazwa matunda na mboga mbichi zote. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa wa pande mbili hazikuonyesha kwamba katazo hilo linapunguza maambukizi, na mtu ambaye tayari hana hamu ya kula alipoteza hata vile alivyovipenda. Siku hizi vituo vingi vinasisitiza usalama wa chakula badala ya orodha ndefu ya marufuku. Kama wodi yako bado ina orodha, ifuate, lakini uliza sababu.

Yasiyo na mjadala ni haya. Nyama, kuku, samaki na mayai viive kabisa. Ndani ya kuku joto lifike 74. Maziwa yawe yamechemshwa au kupitishwa kiwandani. Matunda na mboga vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na vyenye ganda vioshwe kabla ya kumenywa. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kitu kitakacholiwa bila kupikwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kikipashwa kifuke mvuke kote. Friji haiondoi kila hatari, kwa kuwa bakteria aitwaye Listeria huendelea kukua kwenye baridi. Kiporo cha siku nyingi kitupwe.

Maji ya kunywa ambayo huna uhakika nayo yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kama mnaishi juu ya mita 2,000. Klorini pekee haimwui kimelea aitwaye kriptosporidi, anayeweza kumharisha mtu huyu kwa wiki nyingi.

Hatua ya nane: Watu, wanyama na vumbi

Usimfungie mtu wako kama mfungwa. Upweke nao unadhoofisha. Wageni wachache wenye afya, dirisha wazi, mikono iliyooshwa, hayo yanatosha kwa siku nyingi. Mwenye mafua, homa, kuharisha au upele asiingie, hata awe mjomba aliyetoka mbali.

Wote mnaoishi naye mchanjwe, kwa sababu yeye mwenyewe huenda chanjo isimshike. Karibu chanjo zote ni salama kwenu, isipokuwa polio ya matone isitolewe kwa mtu wa nyumba hiyo pale ambapo ile ya sindano inapatikana. Mtoto aliyepewa chanjo ya rota abadilishwe nepi na mtu mwingine kwa wiki nne.

Akikaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga au surua, usingoje upele. Piga simu siku hiyohiyo: kuna kingamwili za kumchoma sindano, na zina siku chache tu za kufanya kazi, 6 kwa surua na 10 kwa tetekuwanga, na mapema ni bora.

Paka si lazima afukuzwe, ila choo chake kisafishwe kila siku na mtu mwingine, kwa kuwa mayai ya toksoplasma, kimelea kinachotoka na kinyesi cha paka, huhitaji siku moja hadi tano nje kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Kobe, mijusi na vifaranga hubeba bakteria wa salmonela, asivishike.

Vumbi la ujenzi, nyasi zilizooza, mbolea na kuta zenye ukungu hubeba mbegu za kuvu aspajilasi, ambaye akikaa kwenye mapafu ya mtu asiye na neutrofili ni mgumu mno kumng’oa. Ukarabati wa nyumba uahirishwe. Kama hana budi kupita penye vumbi, avae barakoa ya N95 inayobana vizuri, kwani ya kitambaa haizuii mbegu hizo.

Hatua ya tisa: Dawa za kinga na dawa zinazogombana

Kotrimoksazoli humlinda na Pneumocystis, valgansikloviri humlinda na sitomegalo, asikloviri humlinda na mkanda wa jeshi. Wagonjwa huziacha kwa kuwa hawaoni zinatibu nini. Zinafanya kazi hapohapo ambapo hakuna kinachoonekana. Zikimletea kichefuchefu au upele, apige simu abadilishiwe, asiache kimyakimya.

Kwa aliyepandikizwa kiungo, hatari kubwa iko kwenye mchanganyiko. Klarithromisini au flukonazoli iliyoandikwa na daktari asiyejua historia inaweza kupandisha takrolimusi hadi ikaharibu figo. Rifampisini huishusha hadi mwili ukakikataa kiungo. Balungi huipandisha, na dawa za mitishamba hazina kipimo kinachojulikana. Kabla ya kumeza chochote kipya, hata cha mafua, timu ya upandikizaji iulizwe. Na asipunguze dawa za kushusha kinga mwenyewe kwa sababu amepata maambukizi. Daktari anaweza kuzipunguza, lakini hufanya hivyo akiwa anapima damu.

Hatua ya kumi: Siku za hatari zinapopita

Kwa wengi waliomaliza tiba ya kemikali, neutrofili hurudi ndani ya wiki tatu au nne za dozi ya mwisho, ingawa limfositi hukawia zaidi. Aliyepandikizwa uboho hupoteza kinga ya chanjo za utotoni na huchanjwa upya, kwa kawaida kuanzia kati ya mwezi wa 3 na wa 12, huku zile zenye kimelea hai zikingoja angalau miezi 24 na ruhusa ya daktari. Omba ratiba hiyo kwa maandishi, kwani wanaohamia kliniki nyingine huipoteza. Kwa aliyepandikizwa figo, ini au moyo, karatasi ya hatua ya tatu na namba ya 38.0 hubaki ukutani kwa muda wote anaokunywa dawa zake, hata akiwa amerudi kazini na hakuna anayemwita mgonjwa tena.